Kunasa Sauti ya Somo Nyumbani: Namna ya Kupunguza Kelele

Utangulizi

Kufundisha kwa sauti pasipo mwalimu kuonekana si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza namna ya kujikinga na maradhi. Mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, redio na televisheni zilitumika tena kuwafikia watoto waliokuwa majumbani. Jambo lililo jipya ni kwamba siku hizi si lazima mwalimu aende studio. Kwa simu yake ya mkononi aweza kunasa imla, hadithi au zoezi la matamshi akiwa chumbani kwake, kisha akaipeleka sauti hiyo kwa wazazi, au akaifungulia darasani kwa redio ndogo inayotumia memori kadi.

Hata hivyo, studio ina kuta nene na fundi mitambo. Nyumba zetu zina jogoo, feni, mvua juu ya mabati na bodaboda zinazopita dirishani. Mwalimu asiyeyafikiria hayo mapema atanasa kelele pamoja na somo, na hasara yake itamwangukia mtoto.

Sisi wenyewe tulilijua jambo hili kwa kosa letu. Tuliwatengenezea wanafunzi wa Darasa la Tatu imla ya maneno kumi, tukainasa jioni sebuleni, simu ikiwa juu ya meza na feni ikizunguka. Wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha waliisikiliza, wakasema ni nzuri. Madaftari yaliporudi, watoto wengi walikuwa wameandika "kaa" mahali pa "taa", "pika" mahali pa "fika", na "samani" mahali pa "thamani". Wanachuo wakasahihisha kwa kalamu nyekundu, kosa baada ya kosa. Mtoto mmoja akainua mkono, akasema kwa adabu, "Mwalimu, simu ilisema kaa."

Tuliisikiliza tena ile sauti kwa makini, bila kutazama orodha ya maneno. Mtoto alikuwa amesema kweli. Alichokisikia ndicho alichokiandika. Aliyestahili alama ya kosa alikuwa mwalimu.

Katika makala haya tutaeleza kwanza ni kitu gani hasa kinachopotea katika neno kelele inapoingia, kisha tutaonyesha hatua za kuipunguza kwa vifaa vilivyomo nyumbani mwa mwalimu wa kawaida. Mwishoni tumeweka mfano wa maandalio na mazoezi kwa wanachuo.

1. Kelele hula sehemu gani ya neno

Neno la Kiswahili lina irabu na konsonanti. Irabu hutamkwa kwa nguvu na huchukua muda. Ndizo zinazosikika hata mtu akiita kutoka ng'ambo ya bonde. Konsonanti nyingi ni fupi na nyepesi. Mlipuko wa p, t au k hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde. Sauti f na th ni mkwaruzo hafifu wa pumzi tu. Kwa hiyo kelele ikiingia, irabu hubaki na konsonanti hufunikwa. Katika neno "taa", mtoto husikia vizuri "aa", lakini ile t iliyotangulia haijui kama ni t, p au k.

Mwaka 1955 wataalamu wawili wa Marekani, George Miller na Patricia Nicely, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya konsonanti za Kiingereza zinaposikika katikati ya kelele. Waliona kwamba msikilizaji huendelea kutambua kama sauti ni ghuna au si ghuna, na kama inapitia puani, hata kelele ikiwa kubwa. Kinachopotea mapema ni mahali pa matamshi: kama sauti imetoka midomoni, kwenye meno au nyuma ya ulimi. Uchunguzi huo ulihusu Kiingereza, lakini p, t na k za lugha yetu nazo hutofautiana kwa mahali pa matamshi, na makosa ya watoto wetu yalifuata njia hiyo hiyo. Ndiyo maana walichanganya t na k, p na f, th na s. Mwalimu na aziangalie kwa makini jozi kama hizi: paa, taa na kaa; pika na fika; thamani na samani; dhana na zana; kima na kina.

Tazama jinsi jozi hizo zilivyo za hatari. Kila moja ni neno halali. Mtoto akisikia "kaa" badala ya "taa" hana sababu ya kushuku, kwa kuwa "kaa" ni neno analolijua.

Mbona basi wanachuo walisema sauti ni nzuri? Kwa sababu mtu mzima hujaza mapengo. Anaijua lugha, anaujua muktadha, na mara nyingi ameliona neno lenyewe kwenye karatasi. Akili yake hulikamilisha neno kabla sikio halijamaliza kazi. Mtoto anayejifunza kusoma hana akiba hiyo, na neno analolikutana nalo kwa mara ya kwanza hana cha kulikamilishia. Wataalamu wa usikivu darasani hupendekeza kwamba sauti ya mwalimu izidi kelele iliyopo kwa desibeli 15 hivi. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Viwango vilivyotolewa Marekani mwaka 2002 vilitaka kelele ndani ya darasa la kawaida lisilo na watu isizidi desibeli 35, ilhali mtu anayezungumza kwa kawaida, ukiwa umbali wa meta moja, hutoa kama desibeli 60.

Zaidi ya hayo, mtoto atakayeisikiliza sauti yetu nyumbani ataisikilizia kwenye spika ndogo ya simu ya mama, huku sufuria zikigongana na wadogo zake wakilia. Kelele ya kwetu itajumlishwa na kelele ya kwao. Ya kwao hatuwezi kuitawala. Ya kwetu twaweza.

2. Sikio la mwalimu humdanganya

Mtu mwenye masikio mawili na akili timamu huchagua anachotaka kusikia. Aweza kukaa sokoni akamsikiliza mwenzake mmoja, na zogo lote lingine likawa kama halipo. Maikrofoni ya simu haina uwezo huo. Hupokea kila kinachoifikia na kukichanganya chote katika mfereji mmoja. Ndiyo sababu mwalimu huona chumba chake ni kimya, kumbe friji inavuma, saa ya ukutani inagonga na nyenje wanaimba nje.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuijua kelele ya nyumba yako. Kwa siku tatu mfululizo, mwanachuo achague nyakati nne za siku, anase dakika moja ya ukimya katika kila wakati, kisha aisikilize kwa vipokea sauti vya masikioni. Aandike katika daftari kila anachokisikia. Ataona kwamba kelele zagawanyika katika makundi manne:

(a) Kelele za nje: magari, mashine ya kusaga, redio ya jirani, watoto wanaocheza, mifugo na mvua.

(b) Kelele za ndani ya nyumba: feni, friji, saa, maji ya bomba, milango na vyombo.

(c) Mwangwi: sauti ya mwalimu mwenyewe inayogonga kuta tupu, sakafu ya saruji na dari, ikarudi ikiwa imechelewa kidogo.

(d) Kelele za msemaji na kifaa: pumzi, kugeuza karatasi, vidole juu ya simu, mlio wa ujumbe unaoingia.

Kila kundi lina dawa yake. Mwalimu anayejaribu kutumia dawa moja kwa makundi yote hupoteza muda wake.

3. Kuikaribia maikrofoni

Hatua hii haigharimu hata senti moja, na faida yake yashinda hatua nyingine zote. Sauti inapoondoka kinywani hutawanyika kama mwanga wa kandili. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika hupungua hadi robo. Kinyume chake, umbali ukipunguzwa nusu, nguvu huongezeka mara nne, yaani desibeli 6.

Tuchukue ile imla yetu. Simu ilikuwa mezani, kadiri ya sentimeta 80 kutoka kinywani. Lau tungaliisogeza hadi sentimeta 20, yaani karibu shubiri moja, sauti ya mwalimu ingaliongezeka nguvu mara 16, ambazo ni desibeli 12. Feni, kwa kuwa ilikuwa mbali vile vile, isingaliongezeka hata kidogo. Tofauti kati ya sauti na kelele ingalipanuka kwa desibeli 12 bila kununua chochote. Huenda yule mtoto angaliandika "taa".

Baadhi ya walimu hujaribu kuishinda kelele kwa kupaza sauti. Hilo si jawabu. Mtu anapopiga kelele huzikuza zaidi irabu, ambazo tayari zilikuwa na nguvu, na konsonanti hubaki nyuma. Yafaa mwalimu aseme kwa sauti ya kawaida, polepole kidogo, akiwa karibu.

Ukaribu una tahadhari moja. Sauti p na b hutoa upepo, na upepo ukiipiga maikrofoni hutoa kishindo. Kwa hiyo simu isiwekwe mbele kabisa ya kinywa, bali pembeni kidogo, usawa wa shavu, upande wa chini wenye maikrofoni ukielekea kinywani. Kujipima, weka kiganja mahali ilipo simu, useme "papa, baba, pipa". Usipohisi upepo kiganjani, mahali hapo panafaa.

4. Chumba na mwangwi

Simama katikati ya chumba, piga kofi moja kali, usikilize. Kofi likikatika mara moja, chumba kinafaa. Likiacha mlio kama wa kopo tupu, kuta zinarudisha sauti. Mwangwi huo huburura irabu ya silabi moja hadi juu ya konsonanti ya silabi inayofuata, na hivyo huifunika kama kelele nyingine yoyote.

Dawa ya mwangwi ni vitu laini na vinene. Godoro, blanketi zito, mito, mapazia mazito, zulia na nguo zilizotundikwa hunywa sauti. Chumba cha kulala, kwa hiyo, hushinda sebule yenye kuta tupu na sakafu ya saruji. Mwenye kabati la nguo na alifungue, akae akilielekea, simu ikiwa kati yake na nguo; sauti yake itazama ndani ya nguo badala ya kugonga ukuta. Asiye na kabati aweza kutundika mablanketi mawili kwenye kamba, moja mbele yake na moja nyuma. Wakati mwingine tumelazimika kujifunika blanketi kichwani pamoja na simu. Joto lake si haba, lakini sauti hutoka safi. Kanga moja au chandarua havisaidii, kwa kuwa ni vyepesi mno.

Hapa hatuna budi kusahihisha imani iliyoenea. Wengi hubandika trei za mayai ukutani wakidhani zinazuia kelele. Trei ni nyepesi, na kelele ya nje huzuiwa na uzito: ukuta wa tofali, mlango wa mbao nzito. Trei pia ni nyembamba, wala hazinywi mwangwi kama blanketi linavyounywa. Mwanachuo asitumie muda wake kukusanya trei.

Ama kuhusu kelele za nje, sauti hupenya kama maji: hupita penye upenyo. Ukuta ukiwa mnene namna gani, nafasi iliyo chini ya mlango yatosha kuiingiza redio ya jirani. Kunja nguo nzito uizibe. Funga madirisha. Hata hivyo nyumba zetu nyingi zina madirisha ya nyavu tu na uwazi kati ya ukuta na paa, wala hatuwezi kuziba kila kitu. Katika nyumba ya namna hiyo, chagua chumba kilicho upande wa pili wa barabara, ili nyumba yenyewe iwe ngao, kisha utegemee zaidi ukaribu wa maikrofoni na uteuzi wa wakati.

Mvua juu ya mabati haina dawa. Itakapoanza, zima simu, ungoje. Walimu walio katika maeneo ya masika yafaa wanase masomo ya miezi ya Machi hadi Mei mapema, au wategemee saa za asubuhi kabla mvua haijaanza.

5. Wakati na ujirani

Wengi hudhani usiku ni wakati bora kuliko wote. Si mara zote. Usiku ardhi hupoa, na hewa iliyo karibu nayo hupoa pia, huku ya juu ikibaki na joto zaidi. Hali hiyo hupinda sauti kuelekea chini, na ndiyo sababu muziki wa harusi ya kijiji cha pili, usiosikika mchana, husikika wazi saa tano za usiku. Ongeza nyenje, vyura na mbwa. Alfajiri nayo ina majogoo yake. Daftari la kelele tulilolitaja hapo juu ndilo litakalomwonyesha kila mwalimu saa zake. Mmoja ataona ni saa nane mchana, watoto wakiwa shuleni. Mwingine ataona ni saa nne usiku.

Adhana, kengele za kanisa na muda wa mashine ya kusaga vina saa zinazojulikana. Mwalimu azipange kazi zake kando ya saa hizo. Ama redio ya jirani, dawa yake ni adabu. Mwalimu aende mwenyewe, mapema, aseme:

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Kuanzia saa kumi hadi kumi na nusu tutakuwa tunanasa somo la watoto. Tunaomba, ikiwezekana, redio ipunguzwe kidogo."

Aghalabu jibu huwa jema. Bibi mmoja tuliyemwendea alijibu, "Marahaba mwalimu. Hata mjukuu wangu yumo katika darasa hilo. Na hao kuku nitawafukuza." Ombi la nusu saa hukubalika, ombi la siku nzima huleta uhasama. Kwa hiyo maandalio yawe yamekamilika kabla ya kuliomba.

6. Msemaji na kifaa chake

Katika kundi hili la mwisho kila kitu kimo mikononi mwa mwalimu, na ndiyo maana makosa yake hayana udhuru.

Zima feni na saa itoe betri. Friji izimwe kwa muda wa kunasa; ili usisahau kuiwasha, weka ufunguo wa mlango wa nyumba juu yake. Iweke simu katika hali ya ndegeni ili isiingie simu wala ujumbe. Chomoa chaja, kwa sababu baadhi ya chaja hutia mvumo. Usiishike simu mkononi, maana kila kidole kinachosogea husikika. Iegemeze juu ya rundo la vitabu lililofunikwa taulo, ili mtikisiko wa meza usiifikie.

Maneno ya somo yaandikwe katika karatasi mojamoja zisizobanwa pini, zipangwe kando kando, zisigeuzwe wakati wa kusema. Kunywa maji kabla. Vaa nguo isiyochakarisha, uvue bangili.

Simu nyingi huwa na tabia ya kuongeza nguvu ya kupokea zenyewe msemaji anaponyamaza. Hapo kelele ya chumba huinuka kama pumzi nzito katika kila kituo. Hiyo ni sababu nyingine ya kukinyamazisha chumba chenyewe badala ya kuitegemea simu.

Pikipiki ikipita katikati ya sentensi, nyamaza, ingoje iishe kabisa, kisha rudia sentensi nzima tangu mwanzo. Usianzie katikati, kwa kuwa sauti haitalingana na kiungo kitasikika.

7. Programu za kusafisha sauti

Zipo programu za kompyuta na za simu zinazopunguza kelele baada ya kunasa. Audacity, kwa mfano, hupatikana bila malipo. Mwalimu huionyesha kipande cha ukimya wa chumba. Programu hujifunza kelele hiyo, kisha huipunguza katika sauti yote. Kwa sababu hiyo, kila unaponasa, acha sekunde tano za ukimya mwanzoni, usipumue karibu na simu.

Programu hizo husaidia kwa kelele isiyobadilika, kama mvumo wa feni. Hazisaidii sana kwa jogoo, mtoto anayelia au redio, kwa kuwa hizo hubadilika kila mara. Na lipo jambo zito zaidi. Mkwaruzo wa s, f na th hufanana sana na kelele ya feni au mvua. Programu ikitumiwa kwa nguvu nyingi huzikata sauti hizo pamoja na kelele, na maneno hutoka kama yanasemwa ndani ya mtungi. Sikio la mtu mzima litafurahi kwamba feni imekwisha. Mtoto ataandika "samani" kama awali. Itumie kidogo, au usiitumie kabisa. Kinga ni bora kuliko tiba.

Angalizo juu ya kupeleka: ujumbe wa sauti unaonaswa moja kwa moja ndani ya WhatsApp hubanwa ili uwe mwepesi, na sauti nyembamba huweza kupungua. Ni bora kunasa kwa programu ya kinasa sauti iliyomo katika simu, kisha kulipeleka faili lenyewe kama waraka.

8. Mfano wa maandalio: imla ya dakika tano

Darasa: la Tatu. Somo: Kiswahili. Mada: imla ya maneno kumi yenye p, t, k, f, th na s.

Vifaa: simu, vipokea sauti vya masikioni, mablanketi mawili, taulo, karatasi, kalamu.

Hatua ya kwanza: Teua saa kutoka katika daftari la kelele. Zungumza na jirani na watu wa nyumbani.

Hatua ya pili: Tayarisha chumba. Piga kofi kupima mwangwi. Zima kila kinachovuma.

Hatua ya tatu: Iweke simu karibu shubiri moja, pembeni ya kinywa. Nasa maneno mawili ya majaribio, yasikilize, rekebisha.

Hatua ya nne: Nasa sekunde tano za ukimya. Kisha sema kila neno mara mbili pamoja na sentensi yake: "Taa. Mama amewasha taa. Taa." Sentensi humpa mtoto muktadha, na hivyo hupunguza dhuluma ya neno lisilosikika. Acha sekunde kumi kati ya neno na neno.

Hatua ya tano: Pima kabla ya kupeleka, kama inavyoelezwa hapa chini.

9. Kuipima sauti kabla haijamfikia mtoto

Mwalimu aliyeyaandika maneno hafai kuwa mpimaji, maana anayajua. Mwenzake naye hujaza mapengo. Kwa hiyo sisi hutumia maneno yasiyo na maana. Kabla ya somo lenyewe, mahali pale pale na kwa umbali ule ule, tunanasa maneno ya kubuni kama "pubo, tubo, kubo, felu, thelu, selu, mado, nado", kwa mpangilio wa kuvurugwa. Kisha tunamfungulia mwenzetu kwenye spika ya simu ya kawaida, si kwa vipokea sauti, naye anaandika anachosikia. Kwa kuwa maneno hayo hayana maana, akili yake haina cha kumsaidia. Kwa muda huo anasikia kama mtoto anayelikuta neno jipya. Akikosea, tunarudi chumbani kurekebisha. Asipokosea, somo laweza kwenda.

Tulipoifanyia jaribio hili ile hali ya kwanza, feni ikizunguka na simu ikiwa mezani, wanachuo wale wale waliosahihisha kwa kalamu nyekundu walichanganya t na k, na f na th. Walicheka kwanza, kisha wakanyamaza. Kesho yake waliyachukua madaftari ya watoto, wakazifuta zile alama, na imla ikarudiwa kwa sauti iliyonaswa upya chini ya blanketi.

10. Mazoezi kwa wanachuo

(1) Tengeneza daftari la kelele la siku tatu kwa chumba unachoishi. Taja saa mbili zinazofaa na sababu zake.

(2) Nasa aya moja mara tatu: simu ikiwa sentimeta 80, 40 na 20. Eleza tofauti unazozisikia katika konsonanti, si katika irabu.

(3) Andika jozi nyingine tano za maneno zinazoweza kuchanganywa kelele inapokuwapo. Tunga sentensi kwa kila neno.

(4) Fanya jaribio la maneno yasiyo na maana pamoja na mwenzako. Mkikosea, taja hatua moja ya kurekebisha, kisha mrudie.

Hitimisho

Mwalimu hana uwezo wa kununua studio, wala haimpasi. Shubiri moja ya umbali, blanketi, saa iliyoteuliwa vyema na salamu kwa jirani vyatosha kwa kazi nyingi za shule ya msingi. Vikishindikana vyote, heri kuiahirisha kazi hadi kesho kuliko kumpelekea mtoto sauti iliyoliwa.

Darasani, mtoto asiposikia huinua mkono akaomba turudie. Mbele ya simu hawezi kuomba. Ataandika alichosikia, na alama yake itatoka katika alichoandika. Basi kabla hatujaishika kalamu nyekundu, tuifungue sauti yetu wenyewe tuisikilize kwanza.